Kutoka Muheme Hadi Sabufa: Historia ya Sauti Nzito Katika Nyanda za Kati

Sabufa ni spika iliyoundwa kwa kazi moja: kutoa sauti nzito za chini, takriban kati ya hezi 20 na 120, ambazo spika ndogo za sebuleni hazina uwezo wa kuzitoa. Dodoma na miji mingine ya nyanda za kati, kama Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa na Tabora, ilikipokea chombo hiki kwa wingi baada ya mwaka 2000 kutoka viwanda vya China, na leo seti nzima ya kasha kubwa pamoja na spika zake ndogo huitwa sabufa. Chombo ni cha juzi tu. Kazi inayokizunguka si ngeni: kutafuta sauti nzito, kuiweka mahali inapostahili na kuilinganisha na sauti nyembamba zinazoandamana nayo ni shughuli ambayo wapiga ngoma wa Ugogo, nchi ya Wagogo, waliifanya kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijasimikwa Dodoma. Historia ya sauti nzito ya nyanda za kati inaanzia kwao.

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Asili yake ni unyago wa wasichana. Siku hizi hupigwa pia katika harusi, sherehe na mapokezi ya viongozi. Mzinga wake huchongwa kwa gogo, ukapunguzwa kiunoni, kisha ukawambwa ngozi upande mmoja. Mpigaji husimama, huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, mara nyingine akiinyanyua kwa miguu huku anacheza. Katika jamii nyingi za Tanzania ngoma kubwa hushikwa na wanaume. Ugogo mamlaka ya sauti nzito yalikuwa mikononi mwa akina mama, na elimu ya kuitunza ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu.

Elimu hiyo ilihusu ngozi na hali ya hewa. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Wakati wa kiangazi hewa kavu huikaza ngozi yenyewe, masika huilegeza. Kwa hiyo kabla ya kupiga, ngoma huegeshwa kando ya moto wa nyasi au mabua, uso wake ukielekea kwenye joto. Ngozi hukauka, hujikaza, na sauti hupanda. Mpigaji huichukua, huigonga katikati, huigonga ukingoni, huisikiliza, na akiona bado huirudisha motoni. Mapigo hayo mawili ndiyo kipimo. Pigo la katikati hutoa mdundo wa chini. Pigo la ukingoni hutoa mlio mkavu wa juu. Ngozi ikiwa legevu, pigo la katikati huwa mvumo usio na mwanzo wala mwisho. Ikikazwa kupita kiasi, uzito hupotea na hubaki mlio mkavu peke yake. Ngoma iliyokaa sawa ni ile ambayo mapigo yote mawili yanasikika wazi, na ambayo haizimezi ngoma ndogo zilizo kando yake. Wapigaji hupiga uwanjani, pasipo kuta za kuirudisha sauti, nao husimama karibu karibu, hivyo mdundo wao humfikia msikilizaji kama mmoja.

Upande wa ala za nyuzi na vyuma, Wagogo wana zeze na ilimba. Ilimba, ambayo wengine huiita marimba ya mkono, ni kasha la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye kasha hutobolewa tundu na kufunikwa utando wa buibui, nao utando hutetemeka na kuongeza mkwaruzo mwembamba juu ya kila sauti. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Ugogo aliyeijulisha ala hii duniani, alipiga ilimba kubwa zenye vijiti vingi kuliko za kawaida. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akatoa albamu ya Chibite mwaka 1996 na Assembly mwaka 2002, hii ya pili akishirikiana na Michael Brook, na alifariki mwaka 2003.

Mtafiti wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, aligundua kwamba ngazi ya sauti ya Kigogo inafuata mfululizo wa asili wa sauti zinazozaliwa na sauti moja ya msingi, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Maana yake ni kwamba sauti ya msingi yenyewe, ile iliyo chini kabisa, mara nyingi haipigwi wala haiimbwi. Zinasikika zile za juu yake tu, na kwa kuwa zote ni mafungu kamili ya ile ya chini, sikio huihisi ipo. Jambo hili si la muziki wa Kigogo pekee. Ni sifa ya usikivu wa binadamu, na ndilo linaloeleza namna watu wa nyanda za kati walivyosikia besi kwa miaka hamsini kupitia vyombo ambavyo havikuwa na besi.

Mfano wake ni redio ndogo ya betri. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikageuka Redio Tanzania Dar es Salaam. Baada ya uhuru redio za transista zilifika vijijini, zikitumia betri kavu, nyingi zikiwa za National kutoka kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Spika ya redio kama hiyo ilikuwa na upana wa sentimita 8 au 10. Chini ya hezi 150 hivi haikutoa karibu chochote. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, una hezi 41. Redio haikuweza kuitoa sauti hiyo, lakini ilitoa hezi 165, 206 na 247 zilizoandamana nayo, na msikilizaji wa Mvumi au Kongwa akaukamilisha msingi kichwani mwake. Ndiyo maana mtu angeweza kufuata gitaa la besi la bendi ya Tabora Jazz katika redio iliyoning'inizwa kwenye mti shambani, bila kukosea hata noti moja.

Tabora ndiyo iliyokuwa ngome ya muziki wa dansi wa nyanda za kati: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zote zilitoka huko. Bendi hizi zilisafiri kwa reli ya kati, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, zikibeba amplifaya na maboksi ya spika. Ukumbini watu walikutana na besi halisi kwa mara ya kwanza: ile inayosikika kifuani kabla ya kusikika sikioni. Tofauti kati ya besi ya ukumbini na ile ya redio ya nyumbani iliacha kiu, na sehemu kubwa ya ufundi uliofuata ni juhudi ya kuituliza.

Juhudi ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu kabisa. Spika iliyong'olewa kwenye redio mbovu ilifungwa juu ya mdomo wa mtungi wa udongo. Hewa iliyo ndani ya mtungi ina masafa yake ya asili, kama chupa inavyolia ikipulizwa mdomoni, na spika ikiyapata masafa hayo sauti huvimba. Besi iliyotoka ilikuwa kubwa lakini ya noti moja; kila wimbo uligeuka kuvuma kwenye masafa yale yale ya mtungi. Juhudi ya pili ilikuwa ya maseremala. Kuanzia miaka ya 1980, redio kaseti zilipoenea, mafundi redio waliagiza spika kubwa kutoka Kariakoo, na seremala akaunda boksi la plaiwudi, au la mninga pale ulipopatikana kutoka misitu ya Tabora. Vipimo vilikisiwa kwa jicho. Boksi likitoka dogo mno, koni ya spika ilibanwa na hewa na sauti ikawa ngumu. Likiwa kubwa mno, koni ilicheza ovyo na hatimaye kuchanika. Baadhi ya mafundi walijaza pamba au matambara ndani ili boksi lijihisi kubwa zaidi. Walikuwa sahihi: nyuzi za pamba hupunguza kasi ya sauti ndani ya boksi.

Walichokitafuta maseremala hao kwa kukisia, wahandisi wa nchi nyingine walikuwa tayari wamekipatia hesabu. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika ya AR-1, ambamo hewa iliyofungiwa katika kasha dogo hufanya kazi ya springi ya koni. Kwa mara ya kwanza besi ya kina ilitoka kwenye kasha linaloweza kukaa rafuni. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu za kasha lenye tundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza. Tangu hapo fundi mwenye vipimo vitatu au vinne vya spika aliweza kukokotoa ujazo wa kasha na urefu wa bomba lake bila kubahatisha. Karibu kila sabufa inayouzwa leo katika maduka ya Dodoma, yenye tundu la mviringo ubavuni, ni tunda la hesabu hizo.

Kasha la besi pekee, lililotengwa na spika nyingine, lilisukumwa mbele na studio na sinema. Mwaka 1973 Ken Kreisel aliitengenezea bendi ya Steely Dan sabufa ya kusikilizia kazi yao studioni. Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilionyeshwa kwa mfumo wa Sensurround, uliotetemesha kumbi kwa makasha makubwa ya besi ili watazamaji wahisi tetemeko la ardhi. Star Wars ya 1977 na Apocalypse Now ya 1979 ziliipa sauti nzito njia yake maalumu kwenye filamu. Baadaye mhandisi wa sauti Tomlinson Holman alipendekeza mpangilio wa njia tano kamili na moja ya besi, unaoandikwa 5.1, na mwaka 1992 Batman Returns ikatoka kwa Dolby Digital ikiwa na mpangilio huo. DVD, iliyoanza Japani mwaka 1996, ndiyo iliyoueneza majumbani.

Ili mpangilio huo ufike Dodoma, mambo kadhaa yalipaswa kutangulia. Umeme ulikuwa wa kwanza. Kwa muda mrefu mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Kituo cha Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1988 kikiwa na uwezo wa megawati 80. Biashara ilikuwa ya pili: mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa. Televisheni ilikuwa ya tatu. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Kabla televisheni haijawa kitu cha kila nyumba, vijana walitazama filamu katika vibanda umiza, vyumba vya mabenchi vyenye deki na televisheni moja, ambako mwenye kibanda alijua vyema kwamba mlipuko wenye besi hujaza mabenchi. Mwanzoni mwa 2013 matangazo ya analojia yalizimwa Dodoma, na ving'amuzi vikaingia majumbani. Kisha ikaja hatua ya serikali kuhamia Dodoma, iliyotangazwa 2016, na mji ukatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Wakazi wa eneo la mji walikuwa 410,956 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Kila familia iliyohamia ilipanga sebule mpya, na maduka ya Majengo, Sabasaba na barabara za namba za mjini yalipanga sabufa za SeaPiano, Aborder na Sundar hadi kwenye baraza.

Jambo linalosahauliwa katika historia hii ni nyumba, nalo huenda ndilo kubwa kuliko yote. Makazi ya asili ya Wagogo ni tembe: nyumba ndefu na fupi kwa kimo, kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo mzito. Tembe haitetemeki kwa sauti. Paa lake halina kitu cha kugongana, na kuta zake za mkandiko usio laini hutawanya na kumeza sauti za juu. Kuanzia Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa na kuhimizwa kujenga nyumba bora, tembe zilianza kupungua. Mahali pake zikaja nyumba za tofali na bati, na mjini nyumba za bloku zenye sakafu ya vigae, dari la jipsamu na madirisha ya vioo. Nyumba hizo ni bora kwa mambo mengi. Kwa sauti nzito ni ngumu: bloku na sakafu hurudisha besi karibu yote, bati hulia, na kioo cha kabati la vyombo huimba kwa sauti yake. Sabufa iliingia Dodoma wakati hasa ambapo chumba cha kuipokea kilikuwa kimebadilika.

Hesabu ya chumba ni rahisi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, na mwinuko wa Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haubadili kasi hiyo. Joto ndilo huibadili. Hewa nyepesi ya mwinuko huo hupunguza nguvu ya sauti kwa chini ya desibeli moja, kiasi kisichotambulika. Kinachotambulika ni kuta. Katika sebule yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, wimbi la hezi 43 hujipanga barabara kati ya kuta za mbali, na la hezi 57 kati ya zile za karibu. Katika masafa hayo sauti hujaa ukutani na kufifia katikati ya chumba. Ndiyo maana mtu aliyesimama katikati ya sebule hulalamika kwamba besi ni hafifu, huku aliyeketi ukutani akiomba ipunguzwe, na wote wawili wanasema kweli.

Sebule ya Kitanzania hulitia uzito jambo hili kwa namna yake. Makochi hupangwa yakiegemea kuta zote, meza ikiwa katikati, ili wageni watazamane. Kila aliyeketi yuko mahali besi ilipo kali zaidi. Maelekezo ya karatasi inayokuja na sabufa huchora kochi moja mbele ya televisheni, likiwa na nafasi nyuma yake, na mtu anayeyafuata neno kwa neno katika sebule ya makochi ya ukutani atapata besi iliyozidi kila siku.

Mafundi wa mjini walilitatua kwa mbinu ambayo mafundi wa dunia nzima huitumia, ya kubadilishana nafasi. Sabufa huwekwa juu ya kochi ambalo mwenye nyumba huketi zaidi. Hupigwa wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, na rumba ya Kongo hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa besi yake hutembea noti kwa noti. Fundi huinama, au huchutama kabisa, akazunguka chumba kandokando ya kuta na sikio likiwa kimo ambacho sabufa itakaa. Pembeni mwa chumba, kuta mbili zinapokutana, besi huvimba. Baadhi ya noti hujitokeza na nyingine hupotea. Hatua mbili kutoka pembeni noti huanza kulingana. Mahali noti zote zinaposikika kwa uzito mmoja, sabufa huwekwa hapo, na anapoketi kochini fundi husikia kile kile alichokisikia akiwa amechutama.

Wenye nyumba wengi, hata hivyo, huitaka pembeni, kwa sababu pembeni haimzuii mtu kupita na watoto hawaichezei. Kasha lililo katikati ya sakafu husaidiwa na uso mmoja tu. Likisogezwa ukutani husaidiwa na mbili, na pembeni na tatu, na kila uso unaoongezeka unaweza kupandisha besi kwa hadi desibeli 6. Sabufa ya pembeni si kosa, mradi kitasa cha besi kishushwe kulingana na msaada huo. Kosa la kawaida ni kuibana pembeni kisha kuacha kitasa kilipokuwa dukani.

Baada ya mahali huja mgawanyo wa masafa: sabufa iache wapi, spika ndogo zianze wapi. Vifaa vya sinema ya nyumbani vyenye cheti cha THX, mfumo ulioanza mwaka 1983, vilizoesha mpaka wa hezi 80, kwa kuwa chini ya hapo sikio halitambui sauti inatoka upande gani. Mpaka huo hudai spika ndogo zinazoweza kufika hezi 80 zenyewe. Spika ndogo za seti nyingi zilizopo Dodoma zina koni ya sentimita 7 hadi 10, nazo huishia hezi 130 au 150. Mpaka ukiwekwa 80 hubaki shimo katikati, na shimo hilo ndimo inamokaa sauti ya mwanamume anayesoma taarifa ya habari. Seti za bei ya chini hazina kitasa cha mpaka. Kiwanda kimeshauweka juu kulingana na spika zake. Kwa hiyo sabufa ya namna hiyo hutoa pia sauti ambazo sikio linatambua zinakotoka, nayo inapaswa kukaa karibu na televisheni, la sivyo mtangazaji ataonekana mbele na kusikika kutoka nyuma ya mlango.

Kisha huja fezi. Koni ya sabufa na koni za spika ndogo zinapaswa kusukuma hewa mbele kwa wakati mmoja. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, sauti hufutana pale masafa yao yanapokutana. Sabufa za bei ya juu zina swichi ya kugeuza fezi. Zisizo nayo hurekebishwa kwa kubadilisha waya mwekundu na mweusi nyuma ya spika ndogo zote. Kubadilisha ya upande mmoja tu huleta kasoro mpya kati ya kulia na kushoto. Fundi hulinganisha hali mbili akiwa kochini na kuchukua ile yenye mdundo uliojaa. Hapa rekodi ya muheme ni kipimo kizuri kuliko nyimbo nyingi za dukani, kwa kuwa pigo la ukingoni hutoka kwenye spika ndogo na mdundo wa katikati hutoka kwenye sabufa, nayo hupokezana haraka. Fezi ikiwa sawa, yote mawili hutoka kwenye ngoma moja. Ikiwa kinyume, kiganja husikika na mzinga hausikiki.

Ukubwa wa sauti hupimwa mwisho. Vifaa vya sinema ya nyumbani vyenye mfumo wa kujipima hupiga mvumo wa majaribio katika kila spika, na desibeli 75 kochini ni kiwango kinachotumika sana. Pasipo kifaa, sikio hutumika, lakini lina udhaifu uliopimwa na watafiti Fletcher na Munson tangu 1933: kadiri sauti inavyopungua, sikio hupoteza besi upesi kuliko sauti za kati. Sabufa iliyopangwa kwa sauti ya juu Jumamosi mchana itaonekana imekauka usiku watoto wakilala. Inapaswa kupangwa kwa kiwango ambacho nyumba hutumia siku nyingi.

Hitilafu mbili huiga besi na kuwapoteza wasio na uzoefu. Ya kwanza ni mngurumo wa umeme. Umeme wa Tanzania una hezi 50, masafa yaliyo katikati kabisa ya himaya ya sabufa, na waya wa ardhi mbovu au waya wa sauti uliolazwa sambamba na wa umeme huleta mngurumo usiokoma, unaoongezeka kila besi inapopandishwa. Ya pili ni maandishi ya wati. Kasha hudai maelfu ya wati, huku bamba dogo la nyuma likionyesha kwamba chombo chenyewe hula wati 60 au 80 ukutani. Bamba ndilo la kuaminiwa. Katika vijiji ambavyo umeme haujafika, sabufa za volti 12 huunganishwa na betri ya gari na sola, na huko matumizi halisi hujulikana haraka, kwa saa ambazo betri inadumu.

Kuhusu sauti ya kuzunguka yenyewe, sehemu kubwa ya seti zinazouzwa kwa jina hilo hazijawahi kuicheza. Seti ya spika tano iliyounganishwa na king'amuzi kwa waya mwekundu na mweupe hupokea njia mbili tu, kulia na kushoto, kisha hunakili zile zile kwenda nyuma. CD za video zilizobeba filamu za Kibongo miaka ya 2000 nazo zilikuwa na njia mbili. Mgawanyo wa kweli wa 5.1 unahitaji DVD au chanzo kingine chenye njia hizo, na waya wa dijitali au waya sita tofauti. Kwa seti isiyo na chanzo hicho, spika za nyuma zikishushwa sana, au zikizimwa, sauti ya mbele husafika na maneno hueleweka vizuri zaidi.

Nje ya nyumba kanuni hugeuka. Katika harusi zinazofanyika uwanjani, Chamwino au Kikuyu, hakuna ukuta wa kuirudisha besi, na kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Waendeshaji muziki wa kukodi walikuwa wakitenganisha maboksi ya besi, moja kila upande wa jukwaa, na katikati ya uwanja wageni wakapata mistari ya besi kali na mistari mitupu, kwa kuwa mawimbi ya pande mbili hukutana na kufutana. Waliojifunza kuyaweka maboksi yote pamoja chini, mbele ya jukwaa, hupata besi inayofanana uwanja mzima, tena yenye nguvu zaidi kwa umeme ule ule. Mpangilio huo ni ule ule wa wapigaji muheme wanaosimama karibu karibu. Tamasha la muziki wa Kigogo, linalofanyika Chamwino tangu 2009, huweka pamoja uwanjani ngoma zenyewe na spika zinazozikuza.

Msongamano wa jiji umeleta swali ambalo uwanja wa kijiji haukuwa nalo: jirani. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinaweka mipaka ya kelele katika maeneo ya makazi na baa. Vipimo vya kelele kwa kawaida husomwa kwa mizani A, inayofuata usikivu wa sikio kwa sauti ndogo, na katika hezi 50 mizani hiyo huondoa desibeli 30. Kipimo kinaweza kuonyesha namba ya kuridhisha mlangoni mwa baa huku kitanda cha jirani kikitetemeka, kwa sababu bloku huzuia sauti ya mwimbaji na kuipitisha besi. Mizani C, ambayo haiondoi besi kwa kiasi hicho, huonyesha hali halisi, na programu nyingi za simu za kupima sauti zina mizani zote mbili. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili, vikichukuliwa mahali pamoja, humwonyesha fundi kwamba kinachovuka ukuta ni sabufa, na kwamba kushusha kitasa chake peke yake kutatosha bila kuuzima muziki.